Ruzuku za serikali ya Marekani kwa mashirika ya jamii yanayozuia vurugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ruzuku hizi hasa ni fedha za kazi gani?

Ni fedha za umma kwa ajili ya kuzuia watu wasiuane, kazi ikifanywa na watu wa mtaa wenyewe. Maana yake ni kuwafikia wachache walio karibu kabisa na bunduki, kusuluhisha ugomvi kabla haujamwaga damu, na kumkuta majeruhi angali kitandani hospitalini ili yeye au ndugu zake wasitoke kwenda kulipiza kisasi. Si fedha za semina za amani kwa kila anayepita. Ombi linaloahidi kuwafikia "vijana wote wa jiji" humwonyesha msomaji tangu ukurasa wa kwanza kwamba mwandishi hajui ni nani anayepiga risasi na ni nani anayepigwa. Katika miji mingi watu hao ni kundi dogo sana.

Zinatoka wapi?

Chanzo kikuu cha serikali kuu ni sheria iitwayo Bipartisan Safer Communities Act, iliyotiwa saini Juni 25, 2022. Ilitenga dola milioni 250 kwa miaka 5, yaani dola milioni 50 kila mwaka wa fedha kuanzia 2022 hadi 2026. Fedha hizo hupitia Wizara ya Sheria, katika Office of Justice Programs (OJP), chini ya mpango wa kuzuia vurugu kupitia jamii (Community Based Violence Intervention and Prevention Initiative), unaojulikana kwa kifupi kama CVIPI.

Msiishie hapo. Majimbo kadhaa yana mifuko yao, na mara nyingi ndiyo mlango ulio rahisi zaidi kwa shirika changa. California ina CalVIP, ambayo tangu Julai 1, 2024 inapata fedha kutokana na kodi ya asilimia 11 wanayotozwa wauzaji wa bunduki na risasi. Connecticut na Illinois zilipitisha sheria mwaka 2021 zinazoruhusu Medicaid, bima ya afya ya umma kwa watu wa kipato kidogo, kulipia huduma za kuzuia vurugu. Hiyo si ruzuku. Ni malipo ya huduma, na faida yake ni kwamba hayakomi mwaka wa tatu kama ruzuku.

Ni mbinu zipi zinazokubalika?

Ziko nne zinazotajwa mara nyingi. Ya kwanza ni wapatanishi wa mtaani wanaosuluhisha ugomvi bila polisi, mbinu iliyoanzia Chicago katika kitongoji cha West Garfield Park mwaka 2000 na baadaye kupewa jina la Cure Violence. Baltimore iliichukua mwaka 2007 kwa jina la Safe Streets. Ya pili ni programu za hospitali. Mojawapo ya za mwanzo ilianza Oakland mwaka 1994. Ya tatu ni ulezi wa karibu wa miezi mingi kwa watu wachache walio hatarini zaidi, kama ulivyoanzishwa Richmond, California, kupitia ofisi ya usalama wa vitongoji iliyoundwa mwaka 2007. Ya nne ni ile ya Boston ya miaka ya 1990, ambapo polisi, watoa huduma na wazee wa jamii hukaa pamoja mbele ya makundi husika na kuwapa ujumbe mmoja: acheni risasi, msaada huu hapa, na mkiendelea sheria itawafuata.

Msichanganye zote nne kwenye ombi moja kwa kudhani wingi utavutia. Ya kwanza na ya nne zinagongana kabisa kuhusu nafasi ya polisi, na msomaji wa maombi ataliona hilo mara moja. Tena msiandike kwamba mbinu fulani "imethibitishwa" halafu mkaachia hapo. Tathmini za wapatanishi wa mtaani zimetoa matokeo tofauti kati ya eneo na eneo, hata ndani ya jiji moja. Linalowapa pointi ni kueleza kilichofanya kazi mahali fulani (idadi ya wafanyakazi, saa walizokuwa mtaani, usimamizi) na jinsi mtakavyokitekeleza kwenu.

Nani anaruhusiwa kuomba?

Someni sehemu ya wanaostahili katika tangazo la mwaka husika kabla ya kusoma kitu kingine chochote, kwa sababu hubadilika. Kuna matangazo yanayopokea mashirika yasiyo ya kiserikali moja kwa moja, mengine hupokea majiji, kaunti na serikali za makabila ya Wahindi Wekundu, na mengine hutenga fungu maalumu kwa taasisi zinazogawa fedha na mafunzo kwa mashirika madogo.

Kama hamstahili moja kwa moja, bado mnaweza kuingia kama mpokeaji wa chini: jiji au shirika kubwa linapata ruzuku, ninyi mnapewa sehemu yake kwa mkataba. Shirika ambalo halijawahi kushika fedha za serikali kuu tungelishauri lianzie hapo hata kama linaruhusiwa kuomba lenyewe. Ombi mtaliandika na kulimaliza. Mzigo huanza mkishapata.

Hatujasajiliwa kama shirika lisilo la faida. Tufanyeje?

Mnaweza kufanya kazi chini ya mdhamini wa fedha, yaani shirika lililosajiliwa ambalo hupokea ruzuku kwa niaba yenu, huweka hesabu na kuajiri watu, nalo hukata asilimia fulani kwa kazi hiyo. Kabla ya kusaini, hakikisheni mkataba unajibu haya: nani anaidhinisha matumizi, malipo yanatoka baada ya siku ngapi, vifaa ni mali ya nani mkiachana, na nani atalipa endapo mkaguzi atakataa gharama fulani. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linalovunja urafiki.

Usajili unahitaji nini, na unachukua muda gani?

Anzeni leo, hata kama tangazo halijatoka. Mnahitaji namba ya mwajiri kutoka mamlaka ya kodi (EIN), kisha usajili katika SAM.gov, mfumo wa serikali kuu wa kusajili wanaopokea fedha zake, ambako mtapewa namba ya utambulisho inayoitwa UEI. Tangu Aprili 4, 2022 namba hiyo ndiyo inayotumika badala ya ile ya zamani ya DUNS. Baada ya hapo mnafungua akaunti Grants.gov, tovuti ya serikali kuu ya kuombea ruzuku, kisha JustGrants, mfumo wa Wizara ya Sheria wenyewe.

Kinachokwamisha wengi ni jina. SAM.gov hulinganisha jina na anwani ya shirika na nyaraka rasmi. Hati ya jimbo ikitofautiana na barua ya kodi, au mkihama ofisi bila kubadilisha anwani kwenye usajili wa jimbo, ombi linasimama hadi mtume nyaraka za uthibitisho, na wiki zinapita. Chukueni hati ya usajili wa jimbo, barua ya EIN na taarifa ya benki, ziwekeni mezani pamoja, mzisome mstari kwa mstari kabla ya kuanza kujaza.

Usajili wa SAM.gov ni bure na lazima uhuishwe kila baada ya miezi 12. Mkishaonekana humo mtaanza kupokea barua pepe na simu za watu wanaotaka mamia ya dola "kuwasaidia kuhuisha". Hao si serikali, msiwalipe. Pia mpeni nafasi ya msimamizi wa akaunti mtu wa pili. Shirika ambalo nywila zake zote ziko kwa mtu mmoja aliyeacha kazi hupoteza msimu mzima.

Kwa nini tangazo lina tarehe mbili za mwisho?

Kwa sababu ombi lina hatua mbili. Kwanza mnatuma Grants.gov fomu ya SF-424, ile ya kawaida ya kuomba fedha za serikali kuu. Siku chache baadaye ndipo mnapofunga ombi kamili ndani ya JustGrants: maelezo ya mradi, bajeti, ratiba, barua za washirika. Mkikosa ya kwanza, ya pili haipo. Mfumo ukigoma, pigeni simu dawati la msaada na mchukue namba ya tatizo, kisha mwombe kibali cha kuchelewa ndani ya saa 24 baada ya muda kupita. Bila namba hiyo hamna ushahidi. Na kibali hakitolewi kwa sababu ya usajili ulioanzwa kwa kuchelewa.

Maelezo ya tatizo yaandikwe vipi?

Yaandikwe kwa ramani. Chukueni takwimu za polisi na za hospitali za miaka 3 hadi 5, mtenge mauaji na majeruhi wa risasi wasiokufa (hawa wa pili huwa wengi zaidi na ndio wengi husahau kuwahesabu), kisha mwonyeshe ni mitaa ipi, siku zipi na saa zipi. Halafu ongezeni kile ambacho takwimu hazisemi na ninyi mnakijua: kwamba ugomvi wa sasa ulianza mtandaoni, kwamba makundi mawili yaliyokuwa yameelewana yameachana, kwamba kona fulani ilitulia baada ya watu wawili kufungwa na huenda ikawaka wakitoka. Msitaje jina la mtu wala kundi.

Kisha idadi. Ukiwa na wapatanishi 4 na kila mmoja akabeba washiriki 12, mna washiriki 48 kwa wakati mmoja. Andikeni 48. Anayeandika 500 kwa wafanyakazi 4 ataulizwa hesabu hiyo inatoka wapi, na asipoulizwa kwenye mapitio ataulizwa kwenye ripoti.

Bajeti ina mitego gani?

Mingi, na hapa ndipo maombi mazuri hufia.

Mshahara ni fungu kubwa kuliko yote, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Hesabuni mshahara wa mwaka mara asilimia ya muda, ongezeni mafao. Mpatanishi wa dola 52,000 anayefanya kazi muda wote, mafao yakiwa asilimia 25, anagharimu dola 65,000. Watu hupunguza kiwango hiki ili bajeti ionekane nyepesi, halafu baada ya miezi 8 mtu aliyeaminika mtaani anaacha kazi na kwenda kupakia mizigo ghalani. Uaminifu aliojenga anaondoka nao. Ongezeni pia ushauri wa kisaikolojia kwa wafanyakazi wenyewe, maana wanaona maiti za watu wanaowafahamu. Ni gharama inayokubalika ikielezwa vizuri.

Mshauri wa nje halipwi zaidi ya dola 650 kwa siku ya saa 8, yaani dola 81.25 kwa saa, bila kibali cha OJP cha kabla. Msiandike "mshauri, dola 20,000". Andikeni siku ngapi, kwa kiwango gani, kwa kazi gani.

Gharama za uendeshaji zisizoweza kupachikwa kwenye mradi mmoja, kama mhasibu, umeme na bima, zina kiwango chao. Kama hamna kiwango mlichokubaliana na serikali, tangu Oktoba 1, 2024 kanuni za serikali kuu za ruzuku (2 CFR Part 200) zinaruhusu hadi asilimia 15 badala ya 10 ya awali. Lakini asilimia hiyo haichukuliwi juu ya bajeti nzima. Tuseme gharama za moja kwa moja ni dola 400,000. Ndani yake kuna dola 100,000 za shirika mshirika na dola 20,000 za pango. Kwa mshirika, dola 50,000 za kwanza tu ndizo zinahesabiwa, na pango linatolewa lote. Msingi wenu, yaani kiasi kinachopigiwa asilimia, unabaki 330,000, na asilimia 15 yake ni 49,500. Wanaopiga hesabu juu ya 400,000 huandika 60,000, kisha bajeti hurudishwa. Vifaa vya kuanzia dola 10,000 kwa kimoja pia hutolewa kwenye msingi, vivyo hivyo posho na nauli za washiriki.

Visivyokubalika: ununuzi wa ardhi, harambee, ushawishi wa kisiasa, pombe, burudani, na kwa kawaida vyakula. Hilo la chakula linawauma wengi, kwani vijana hawaji kukaa saa tatu kwa maji matupu. Tafuteni mfadhili binafsi wa fungu hilo mapema. Fulana zenye nembo ni vifaa vya kazi zikivaliwa na wapatanishi ili watambulike eneo la tukio, lakini zikigawiwa kwa wahudhuriaji ni zawadi. Elezeni ni zipi.

Na fedha hizi haziruhusiwi kuziba pengo la fedha za jiji zilizokwisha kupangwa. Jiji likitaka kuwahamishia wafanyakazi wake wa zamani kwenye ruzuku yenu, kataeni.

Fedha zinaingia benki lini?

Si siku ya tangazo la washindi. Ruzuku nyingi hutoka zikiwa na zuio hadi bajeti ipitiwe na kuidhinishwa, na hilo huweza kuchukua miezi. Mkitumia kabla ya idhini, mnajihatarisha wenyewe.

Baada ya zuio kuondolewa, mpokeaji wa moja kwa moja huchota kupitia mfumo wa Hazina uitwao ASAP, kiasi anachohitaji kulipa sasa hivi au ndani ya siku 10. Mpokeaji wa chini yuko pagumu zaidi, kwa kuwa majiji mengi hurudisha fedha baada ya ninyi kulipa na kuleta risiti. Pigeni hesabu. Kama mwezi mmoja unagharimu dola 40,000 na jiji linalipa baada ya siku 60, mnahitaji dola 80,000 zenu za kuzungushia. Kama hamnazo, jadilini malipo ya awali kabla ya kusaini mkataba. Wapatanishi hawawezi kukaa miezi miwili bila mshahara.

Je, mtu aliyewahi kufungwa anaweza kuajiriwa kwa fedha hizi?

Ndiyo, na mara nyingi ndiye anayefaa zaidi. Hakuna marufuku ya jumla. Lipo sharti moja la kuzingatia: kama kazi itamkutanisha na watoto walio chini ya miaka 18, lazima shirika lifanye uchunguzi na kuandika uamuzi wa kufaa kwake kabla hajaanza kukutana nao. Makosa kama ya kingono, ya ukatili dhidi ya watoto na ya utekaji nyara humfungia mlango. Makosa mengine hupimwa. Wekeni sera iliyoandikwa inayosema mnapima nini: muda uliopita, alichofanya tangu atoke, nani anamdhamini mtaani. Angalieni pia masharti ya parole yake, yaani ya kuachiwa kwake kabla ya kumaliza kifungo. Wako wanaokatazwa kukutana na watu wenye rekodi, na kazi yenyewe ndiyo hiyo, kwa hiyo ofisi ya parole itoe ruhusa kwa maandishi.

Uhusiano wetu na polisi uweje?

Habari zitembee upande mmoja. Polisi wanaweza kuwaarifu kwamba kumepigwa risasi mahali fulani, ninyi hamwapelekei majina wala yaliyosemwa kwenye usuluhishi. Yawekeni hayo kwenye hati ya makubaliano na idara ya polisi, yenye kutaja afisa mmoja wa mawasiliano na namna wapatanishi watakavyotambulika wakifika eneo la tukio. Mtaa ukishuku mara moja tu kwamba mpatanishi ni mtoa habari, kazi imekwisha na maisha yake yako hatarini.

Taarifa za washiriki tunazilindaje?

OJP hutaka hati ya faragha chini ya 28 CFR Part 22 pale mradi unapokusanya taarifa zinazomtambulisha mtu. Kwa vitendo: kila mshiriki apewe namba, orodha inayounganisha namba na jina ikae sehemu nyingine imefungwa, na ionwe na watu wawili tu. Kumbukumbu ya usuluhishi iwe na tarehe, saa, eneo, aina ya ugomvi (deni, mapenzi, mtandao, kundi), idadi ya waliohusika, kama silaha ilikuwepo, kilichofanyika, na tarehe ya kurudi kuangalia. Haihitaji hadithi. Msiruhusu wafanyakazi kuandika haya kwenye makundi ya WhatsApp kwa simu zao binafsi. Simu ikichukuliwa kwa amri ya mahakama, ujumbe wote unaenda nayo.

Ripoti zinatakiwa lini?

Ripoti ya fedha (SF-425) ndani ya siku 30 baada ya kila robo mwaka, ripoti ya maendeleo kwa kawaida kila miezi 6, na za mwisho ndani ya siku 120 baada ya mradi kufungwa. Kuchelewa hufungia uchotaji wa fedha. Nyaraka zihifadhiwe miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho ya fedha.

Kinachowaangusha wengi kwenye ukaguzi si wizi, ni fomu za saa za kazi. Mpatanishi anafanya kazi saa 3 usiku hadi saa 9 usiku, lakini fomu inaonyesha saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni kwa sababu mhasibu alinakili ya wiki iliyopita. Mkaguzi akilinganisha na kumbukumbu ya tukio la saa 7 usiku, mshahara wa kipindi chote unaingia mashakani. Fomu ijazwe na mfanyakazi, ionyeshe kazi halisi, na msimamizi asaini.

Mkitumia dola milioni 1 au zaidi za serikali kuu kwa mwaka wa hesabu ulioanza Oktoba 1, 2024 au baadaye, mtahitaji ukaguzi kamili wa nje. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa dola 750,000.

Serikali inaweza kukatisha ruzuku katikati?

Ndiyo. Aprili 2025 Wizara ya Sheria ilikatisha zaidi ya ruzuku 360 kwa wakati mmoja, zikiwa na thamani ya awali ya takriban dola milioni 800, na miongoni mwake zilikuwamo nyingi za kuzuia vurugu mitaani. Msingi uliotajwa ulikuwa kifungu cha 2 CFR 200.340, kwamba ruzuku hizo haziendani tena na vipaumbele vya wakala. Waliokatishiwa walipewa siku 30 za kukata rufaa.

Kwa hiyo someni kifungu cha ukatishaji kabla ya kupokea. Choteni fedha kwa wakati badala ya kuacha gharama zikirundikana, kwa sababu kilicholipwa tayari hakina mabishano. Mikataba yenu ya pango na magari iwe na kipengele cha kutoka endapo ufadhili utakoma. Na wekeni mpango wa washiriki: nani atamchukua kila mmoja wa wale 48 kama ofisi itafungwa Ijumaa. Huo msiuandike siku ya barua.

Mshiriki wetu akiuawa, ruzuku inaweza kulipia mazishi?

Kwa kawaida hapana. Kila jimbo lina mfuko wa fidia kwa wahanga wa uhalifu, unaosaidiwa na fedha za sheria ya VOCA (Victims of Crime Act) ya mwaka 1984, na mazishi ni moja ya gharama zinazolipwa. Mfundisheni mfanyakazi mmoja kujaza fomu hizo pamoja na familia. Muda wa kuomba na sababu za kukataliwa hutofautiana kwa jimbo.

Tumekataliwa. Sasa?

Ombeni maoni ya wapitiaji. Yasomeni mkitenganisha mambo mawili: pointi zilizopotea kwa sababu mradi haukueleweka, na zile zilizopotea kwa sababu ya nyaraka pungufu. La pili linarekebishwa kwa wiki moja. La kwanza mara nyingi huwa kwenye sehemu ya takwimu na vipimo, ambayo waandishi huiacha usiku wa mwisho. Wakati mnasubiri tangazo lijalo, pelekeni ombi lilelile, likiwa limerekebishwa, kwa jiji na kwa jimbo, na endeleeni kujaza kumbukumbu za usuluhishi kama vile mna ruzuku. Mwaka mmoja wa kumbukumbu safi utawasaidia kwenye ombi lijalo kuliko barua kumi za kuungwa mkono.